Mkono Usiotambulika

Mashine ile ilikuja hospitalini ndani ya maboksi saba, pamoja na mafundi wawili waliovaa viatu vinavyong'aa kuliko sakafu. Ikafungwa ghorofa ya pili, mahali palipokuwa stoo ya magodoro. Kamera nne juu, skrini ukutani pana kama mlango wa gereji, na katikati meza yenye sanduku la viungo vya kutengenezwa: ngozi ya mpira, ini la mpira, mishipa inayovuja maji mekundu ukiikata ovyo. Madaktari waliokuwa wakijifunza upasuaji walitakiwa kukata na kushona humo, mashine iwatazame mikono, kisha itoe maksi kwa mia.

Wakubwa waliiita akili mnemba. Wanafunzi hawakumaliza wiki, wakaibatiza Mama Mkwe, kwa sababu ilikukodolea macho mikononi tangu unaingia mpaka unatoka, haichoki, haipigi chafya, na ukifanya vizuri haisemi asante.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Shangazi. Huyu alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwaka wake wa thelathini na moja huo, kazi yake kusimama ubavuni mwa daktari na kumpa vyombo kabla hajaviomba: mkasi, koleo, uzi, shashi. Mama mkwe wake mwenyewe, alisema, alimtazama mikono miaka kumi na tisa akafa bila kuridhika. Huyu wa umeme angalau jioni anazimwa.

Hospitali nzima walimwita Shangazi, kuanzia mkurugenzi mpaka mfagiaji wa geti. Ila mwenye haki na jina hilo alikuwa mmoja tu, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka minne. Na binti huyo sasa alikuwa miongoni mwa hao wanaotazamwa mikono. Ndiyo maana kicheko cha Shangazi hakikudumu. Mtihani wa Mama Mkwe mtu aliruhusiwa kuufanya mara tatu, na akianguka ya tatu anatafuta kazi nyingine ya udaktari, ya kuandika vidonge na kupima presha. Binti alikuwa ameshaanguka mara mbili.

Kilichomwangusha ni kidole.

Kabla ya mashine, upasuaji pale ulifundishwa na daktari mmoja waliyemwita Mzee Kidole. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, amelitoboa ubavuni na kupitisha ndani yake mpira mwembamba uwe kama mshipa. Mdomo wa kopo aliufunika kitambaa chenye tundu. Mwanafunzi aliingiza vidole humo asione kitu, aupapase mpira, auzungushie uzi, akaze fundo. Ukichungulia, alikufukuza darasani. Damu ikijaa tumboni mwa mtu, alisema, macho yako yameshakwenda likizo, aliyebaki kazini ni kidole.

Kopo hilo Shangazi ndiye aliyelitunza. Mpira ukichakaa alilibeba nyumbani kuubadilisha, na mtoto wa kaka yake akalifanya mwanasesere wake. Wenzake wakisuka nywele za wanasesere, yeye alifunga mafundo ndani ya kopo huku anatazama dari na kusimulia habari za shule. Alipofika miaka kumi alikuwa anawashinda madaktari wazima. Mzee Kidole aliwahi kumjaribu, akashindwa kujizuia kucheka. Akasema huyu asipokuwa daktari wa upasuaji, basi awe mwizi wa mifukoni, kipaji kisiharibike. Alipostaafu, mikono yake ikiwa inatetemeka, kopo akamwachia Shangazi.

Sasa Mama Mkwe alifundishwa kwa picha. Maelfu ya picha za mikono ya madaktari, walisema, kutoka hospitali ambazo taa zake hazizimiki. Alihesabu anachokiona, na asichokiona kwake hakipo. Kidole kikipita nyuma ya ini la mpira, kilimpotea. Hapo ilitoka sauti ya kike, laini kama ya mtu anayeuza sabuni: "Mkono haujaonekana." Na maksi tatu zinaondoka. Binti, ambaye mkono wake ulikwenda nyuma wenyewe kama unavyojikuna usingizini, alipata hamsini na nane. Mara ya pili sitini na moja. Kufaulu kulianzia sabini na tano.

Shangazi alipanda kwa mkuu wa mafunzo, ambaye wao walimwita Bwana Asilimia, maana hata ukimuuliza hali ya mkewe alikujibu kwa mia. Alimpokea vizuri, akamvutia kiti. Akamwambia kwamba na yeye alipita kwenye lile kopo, na anamheshimu Mzee Kidole kama baba, lakini mzee hakuacha takwimu hata moja. Mashine haijui nani ni shangazi wa nani. Zamani hapa, alimkumbusha, watu walifaulu kwa sura. Na hapo alisema kweli, Shangazi aliwajua kwa majina, na mmoja alikuwa amemkata mgonjwa upande usiokuwa wenyewe. Akashuka ngazi.

Zilibaki wiki sita. Shangazi akapiga moyo konde. Kama Mama Mkwe habadiliki, atabadilika mkwe.

Alitengeneza sanduku lake mwenyewe juu ya meza ya jikoni, la katoni na vipande vya mpira wa baiskeli. Nyuma ya kila kipande, kule kamera isikofika, alipaka dawa ya zambarau ya vidonda, ile ikikushika haitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Kila jioni binti akitoka kazini alishona humo saa nzima, na Shangazi amekaa mbele yake na mwiko. Kidole kikipotea nyuma, mwiko unakipata mgongoni. Kikitoka na zambarau, mafundo yote yanafumuliwa, anaanza upya.

"Mkono haujaonekana," Shangazi alisema kila mara, akiigiza ile sauti ya kuuza sabuni, na wote wawili wakacheka mpaka machozi.

Wiki ya kwanza mikono ya binti ilikuwa ya zambarau mpaka kwenye kiwiko. Wagonjwa wakawa wanamuuliza amepigia kura wapi, mbona uchaguzi bado. Wiki ya tatu ilibaki ncha moja tu. Wiki ya tano vidole vyote vikawa safi, na mafundo yalikaa mstari kama meno ya mtoto. Wakati huo Shangazi aliona kitu, akakichukulia mzaha. Binti alikuwa akitafuta funguo za mlango. Zamani angetumbukiza mkono kwenye mkoba huku anaongea na majirani, azitoe. Siku hiyo aliumwaga mkoba wote kizingitini, kitana, karatasi, peremende, akazitafuta kwa macho.

"Na mkoba nao una mtihani?" Shangazi alimuuliza.

Binti akacheka, akaokota vitu vyake.

Mtihani wa tatu alipata tisini na sita. Tangu mashine ifungwe hakuna aliyefika huko. Bwana Asilimia mwenyewe alishuka kumpa mkono, kisha akaagiza picha za mikono ile ziwe zinaonyeshwa kwenye skrini kwa kila darasa linaloanza. Binti alimlalia Shangazi begani akalia, sare ikalowa, na Shangazi akatembea nayo hivyo hivyo siku nzima bila kuibadilisha, kila anayemuuliza anamweleza.

Mwezi wa tatu baada ya hapo, saa nne asubuhi, aliletwa fundi wa mapaa aliyeteleza kutoka juu ya ghala. Alikuwa bado anaongea. Alisema paa limemkataa mchana kweupe. Walipotaka kumkata nguo, alimwomba Shangazi asimkatie mkanda, ni mpya, mke wake kamnunulia. Shangazi akaufungua taratibu, akauzungusha, akauweka kwenye rafu. Tumbo la yule mtu lilikuwa limeanza kukaza kama ngoma.

Daktari bingwa wa zamu alikuwa chumba cha pili, ana mama aliyetoka kujifungua na damu yake inakataa kukatika. Akapitisha ujumbe mlangoni: binti aanze, yeye anakuja. Na kwa nini asianze? Tisini na sita ilikuwa ukutani, kila mtu ameiona. Kamera nayo ilikuwepo juu ya taa. Mama Mkwe alishaongezewa majukumu, akawa anasahihisha na kazi ya kweli.

Binti alipasua vizuri. Mstari mmoja, hakuna kujiuliza. Kisha damu ikapanda ikafika ukingoni, na ndani hapakuonekana tena kitu, ni wekundu tu, kama mtu aliyefunua sufuria ya rangi.

"Ni bandama," Shangazi alisema. "Iko nyuma huko kushoto. Ingiza mkono, ubane shina lake."

"Ngoja nione."

"Hutaona. Bana."

Binti akaomba shashi. Akapewa, zikalowa kabla hazijatua. Akaomba mpira wa kufyonza, ukafyonza, ukagugumia, damu ikajaa tena. Akaomba taa isogezwe. Mtaalamu wa usingizi, aliyekaa kichwani kwa mgonjwa, akasema presha sitini. Akasema hamsini. Halafu akanyamaza, na huyo hana kawaida ya kunyamaza, hata msibani anachekesha watu.

Mkono wa kushoto wa binti ukaenda ukingoni mwa jeraha. Vidole vikazama mpaka kiungo cha kwanza, vikasimama. Shangazi aliviona vizuri, maana alivijua. Vilisimama pale pale ambapo, ndani ya katoni, ilikuwa ikianzia zambarau.

"Usitazame, mwanangu. Shika."

"Haviendi, Shangazi."

Aliyasema taratibu sana, kama mtoto anayekuja kumwambia mtu kwamba amekojoa kitandani. Jasho lilikuwa linamtiririka juu ya barakoa. Alisukuma bega, alisukuma kiwiko, na vidole vikabaki mlangoni.

Miaka thelathini na moja Shangazi alikuwa ametoa vyombo. Hakuwahi hata siku moja kuingiza mkono. Aliweka koleo chini, akamsogeza binti kando kwa kiuno, akazamisha wake, na viungo vyake vilivyovimba kwa baridi ya sakafu za hospitali vikagoma kidogo, kisha vikapita. Akafumba macho. Tumbo, ukingo wa mbavu, na nyuma yake kitu laini kilichopasuka kama embe lililoanguka, na nyuma zaidi, shina. Lilikuwepo. Lilikuwa limekaa hapo muda wote, linasubiri mtu wa kuja. Akalibana kwa vidole viwili.

Mpira wa kufyonza ukafika chini kwa mara ya kwanza, ukalia hewa tupu.

"Nimeshika," alisema. "Funga."

Binti akafunga. Lilikuwa fundo zuri, la maksi mia. Ila shina alilolishika Shangazi lilikuwa limeacha kudunda. Walimkanda yule mtu kifua, wakabadilishana, wakamtia dawa. Daktari bingwa aliingia na damu ya yule mama kwenye aproni. Huyo mama alikuwa amepona. Akatazama, akatazama saa ya ukutani, akaitaja saa kwa sauti, kwa kuwa sheria inataka mtu aitaje.

Shangazi ndiye aliyempelekea mke mkanda. Ulikuwa haujakatwa.

Ripoti ya Mama Mkwe ilitoka kwenye mashine ya kuchapia kabla maiti haijatolewa chumbani. Tisini na moja. Mikono imeonekana muda wote. Mwendo wa sindano bora. Pointi tisa zimeondolewa kwa sababu moja: mkono usiotambulika umeingia eneo la kazi.

Kamati ilikaa siku ya nne. Bwana Asilimia aliisoma ripoti hiyo, na alipofika kwenye umri wa marehemu, thelathini na minne, aliacha kusoma akanywa maji. Hakuwa mtu mbaya; angekuwa mbaya, ingekuwa nafuu. Akasema mgonjwa alikuwa amepoteza damu nyingi njiani, labda hata Mzee Kidole asingemuwahi. Hilo nalo lilikuwa labda ya kweli, na Shangazi alilala nalo siku nyingi bila kujua aligeuzie upande gani.

Alisimama akawaeleza yote. Katoni, dawa ya zambarau, mwiko, wiki sita. Akasema kidole cha huyu binti kilikuwa hai, na aliyekiua ni yeye, jikoni kwake, ili mashine yao imwone mtoto. Bwana Asilimia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kwa upole kama kuna mahali popote mashine ilikataza mtu kuingiza mkono.

Hakukuwa na mahali.

"Haikumkataza, Shangazi," akasema. "Ilipunguza maksi tu."

Binti naye akainuka akasema mtu yule ameuawa na mkono wake. Wakamwambia huzuni ni kawaida, wakampangia vikao viwili vya ushauri, wakaandika kwamba alionyesha utulivu kazini. Kuhusu Shangazi waliandika kwamba ana uchovu wa miaka mingi. Aondolewe chumba cha upasuaji, apewe kazi nyepesi chumba cha mazoezi mpaka siku yake ya kustaafu.

Jioni ile Shangazi alipanda juu ya stuli, akalishusha kopo kutoka juu ya kabati, ambako siku hizi lilihifadhi mishumaa na kalamu zisizoandika. Akalifuta. Akatia mpira mpya, akafunga kitambaa, akaliweka mbele ya binti. Binti akaingiza vidole. Kiungo cha kwanza kikaingia, vikasimama. Akafumba macho, akajaribu tena. Akatazama dari kama zamani, akaanza hata kusimulia habari ya shule, ya mwalimu wa hesabu aliyekuwa akisinzia. Vidole vikasimama.

Walijaribu kila jioni, mwezi mzima. Shangazi aliubeba mkono ule kwa mikono yake miwili, akausukuma kama anayemvisha mtoto shati, na ukifika pale unakaza ugumu wa ubao. Hata daktari wa mishipa ya fahamu alimpima, akakuta kila kitu kizima.

"Nikifika pale nasikia 'mkono haujaonekana,'" binti alimwambia siku ya mwisho waliyojaribu. "Na si sauti yake, Shangazi. Ni yako."

Hakuyasema kwa ubaya. Alikuwa anaeleza tu, kama mgonjwa anavyoonyesha panapouma. Shangazi akalichukua kopo akalirudisha juu ya kabati, akachelewa sana kushuka kwenye stuli. Wiki iliyofuata binti aliandika barua ya kuacha upasuaji. Wakampeleka chumba cha kumbukumbu, kupanga mafaili ya wagonjwa kwa herufi. Bwana Asilimia alisikitika sana. Alisema wamepoteza mkono wa tisini na sita.

Chumba cha mazoezi kazi yenyewe ilikuwa kuwaandalia wanafunzi glovu na uzi, na wakimaliza kuvifuta viungo vya mpira. Darasa jipya lilikuwa la watu wanane. Asubuhi wakiingia, skrini ilikuwa inawasubiri na ile mikono, mikubwa kuliko watu, inakwenda na kurudi, hakuna kidole hata kimoja kinachojificha. Shangazi alijifunza kufanya kazi akiwa ameipa mgongo.

Kati yao alikuwepo dada mmoja mrefu mwenye miwani. Siku moja walileta maini mapya, na huyu dada akiwa anashona, kidole chake cha shahada kikateleza nyuma ya ini, chenyewe, bila kuagizwa. Shangazi, aliyekuwa akikunja taulo, alikiona. Akaacha kukunja.

"Mkono haujaonekana," Mama Mkwe akasema. Namba kwenye skrini ikashuka, themanini ikawa sabini na saba.

Dada akageuka. Wote walishasikia kwamba huyu mama ndiye aliyemfundisha yule wa tisini na sita. "Shangazi, yule ulimfanyaje?"

"Kiache hapo hapo," Shangazi alisema. Alikuwa ameshasogea, amesimama ubavuni mwake kama anasubiri kutoa mkasi. "Umegusa mshipa?"

"Nimeugusa."

"Basi kiache. Mwache huyo aseme."

Dada akakiacha. Pumzi moja, ya pili. "Mkono haujaonekana." Sabini na nne. Dada alitazama skrini, akamtazama Shangazi, na miwani ilikuwa imeanza kuingia ukungu.

"Nisamehe, Shangazi," akasema. "Hii ni mara yangu ya tatu."

Akakitoa.

Shangazi hakumlaumu. Alirudi kwenye taulo zake akazimaliza, akawasubiri wote watoke kwenda kula. Kisha akachukua kitambaa, akaanza kuvifuta viungo kimoja kimoja. Lile ini jipya alipoligeuza, nyuma yake lilikuwa bado na ule unga mweupe linaotoka nao kiwandani, na katikati ya unga kulikuwa na alama ya kidole kimoja. Aliitazama kidogo. Kisha akaifuta, maana ndiyo kazi aliyopewa.